Mjenzi wa Makuba ya Moscow

Msomaji wangu, huenda jina la Konstantin Thon halijapata kufika masikioni mwako. Mimi nami sikulijua mpaka siku nilipofungua kitabu katika maktaba ya chuo cha ualimu ninakofundisha, nikakuta picha mbili za mahali pamoja. Katika ya kwanza lilisimama kanisa kubwa jeupe lenye makuba matano, ukingoni mwa mto. Katika ya pili palikuwa na bwawa la mviringo, na watu wakiogelea.

Thon alizaliwa St. Petersburg mwaka 1794, mwana wa sonara mwenye asili ya Kijerumani. Alisoma katika Chuo cha Sanaa cha mji huo, kisha akakaa Italia miaka mingi akijifunza majengo ya Warumi. Ni ajabu kwamba mtu wa asili na masomo hayo ndiye aliyechaguliwa na Tsar Nicholas wa Kwanza awarudishie Warusi sura ya makanisa ya mababu zao. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1838 alichapisha kitabu cha ramani za makanisa, na mwaka 1841 serikali ikaagiza zifuatwe. Wako waliomcheka, nami siwalaumu sana, maana sura inayonakiliwa kila mahali huchosha macho.

Kazi yake kuu ilikuwa Kanisa la Kristo Mwokozi, ukumbusho wa ushindi juu ya Napoleon mwaka 1812. Mjenzi wa kwanza aliyepewa kazi hiyo, Vitberg, aliishia uhamishoni. Ili Thon apate kiwanja, nyumba ya watawa wa kike ilivunjwa (usilipite neno hilo upesi, msomaji). Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1839, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1883. Mjenzi alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla.

Tarehe 5 Desemba 1931 serikali ya Stalin ikalilipua kwa baruti, ili pajengwe Jumba la Masovieti. Jumba hilo halikuinuka kamwe. Msingi wake ukageuzwa kuwa bwawa lile, lililofunguliwa mwaka 1960. Baadaye bwawa nalo likaondolewa, kanisa likajengwa upya, likawekwa wakfu mwaka 2000.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu, kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, kumbe alifanya kazi bure?" Nikamjibu upesi kwamba sivyo, kwa kuwa kanisa limesimama tena.

Usiku ule jibu langu lilininyima usingizi. Makanisa mengine ya Thon huko St. Petersburg yalibomolewa, wala hayakurudishwa. Je, hayo aliyajenga bure? Na kama bwawa lingalikuwapo hadi leo, ningalimjibu nini yule kijana?

Asubuhi nilimwendea, nikakiri kwamba jibu langu lilikuwa baya. Badala yake nilimweleza habari za marehemu baba yangu, aliyekuwa mwashi. Nyumba moja aliyoijenga ilibomolewa ili barabara ipite. Kila tulipopita pale alisimama, akaninyoshea kidole hewani penye vumbi, mahali mlango ulipokuwa.

"Alikuwa akihuzunika?" kijana akauliza.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa akinieleza jinsi alivyoupima."