Safari ya Nairobi na Runinga Niliyoiuza

Wale mnaosoma mkiwa ndani ya matatu, poleni na foleni ya Changamwe. Leo someni polepole, kwa maana nitakaa kidogo.

Likizo ya Agosti, Mungu akitujalia uzima, mimi na mama mchungaji na watoto wetu watatu tunakwenda Nairobi. Si mkutano wa injili. Si kongamano la wachungaji. Si mazishi. Tunakwenda kutembea tu, jambo ambalo katika miaka kumi na saba ya ndoa hatujawahi kulifanya. Na tunachokwenda kutazama ni mahali habari zinaposomwa na filamu zinapotengenezwa. Najua baadhi yenu mmesoma sentensi hiyo mara mbili. Mchungaji yule yule? Ndiyo, yule yule.

Hapa Miritini tunaishi na kituo kikuu cha treni mlangoni. Tangu Juni 2017 tumewaona wageni wakishuka na mabegi yao, wakipanda magari, wakielekea Diani na Nyali bila hata kututazama. Watoto wetu wanaijua saa kwa treni. Lakini wangu hawajawahi kuipanda. Mara mbili niliwaahidi. Mwaka 2021 fedha za safari zilinunua spika za kanisa. Mwaka 2023 zilikwenda kwenye msiba wa mshirika, na sijuti, ila niliporudi nyumbani siku ile hakuna mtoto aliyeniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Mtoto akilia bado ana tumaini na wewe. Akinyamaza, jiulize.

Sasa niwaambie habari ya runinga. Wengi mnaijua nusu yake tu, kwa maana nusu hiyo niliihubiri.

Mwaka 2018, baada ya mfungo wa siku ishirini na moja, niliuza runinga yetu. Nilisimama madhabahuni nikashuhudia, na kanisa likapiga vigelegele. Nililiita sanduku la adui. Nusu nyingine ni hii. Jioni ile binti yangu mkubwa, akiwa darasa la tatu, alikuwa amesimama mbele ya kabati la vyombo na mwiko mkononi, akisoma habari. Alijitangaza jina, akasema yuko Miritini, akaeleza kwamba maji hayajatoka kwa siku nne na kwamba lori limekwama barabara kuu. Habari za kweli zote! Mimi nikamnyang'anya mwiko, nikamwambia mtoto wa mchungaji haigi watu wa dunia. Tangu siku ile hajasoma habari mbele yangu.

Na ni mimi huyu niliyelelewa na runinga ya jirani. Nikiwa mdogo huko Chaani, nyumba moja ndiyo ilikuwa nayo, na sharti la kuingia lilikuwa kuosha miguu kwanza. Tulikaa sakafuni kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani za KBC. Mzee Ojwang' alitufanya tushike mbavu kwa Kiswahili chake cha lafudhi ya Kijaluo. Alipofariki Julai 2015 ndipo wengi wetu tulikumbushwa kwamba jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, na kwamba hakuwa Mjaluo hata kidogo. Ile ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa bidii. Nilicheka kwa kazi ya mikono ya mtu yule miaka na miaka, kisha nikapanda madhabahuni kuiita ya shetani. Yaliyo machafu kwenye runinga yapo, na bado nayakemea. Lakini nilichoma shamba zima kwa sababu ya magugu.

Machi 2020 korona ikafunga makanisa na shule. Nikabaki na mahubiri na sina watu. Tukafunga simu kwa kamba ya chandarua juu ya kigoda, kigoda juu ya meza, nikaanza kuhubiri mtandaoni. Aliyeshika usukani ni nani? Binti yule yule, sasa ana miaka kumi na moja. "Baba, usitazame uso wako kwenye kioo. Tazama kile kitundu cha juu." "Baba, dirisha liwe mbele yako, si nyuma, unakuwa mweusi tii." Alinifundisha kunyamaza kidogo kabla ya kuanza. Ninyi mlinipongeza, mkasema mchungaji ana upako wa mtandaoni. Sikuwahi kuwaambia ni nani, na yeye sikuwahi kumshukuru. Na wakati huo huo masomo ya wanafunzi yalikuwa yakirushwa redioni na kwenye chaneli ya elimu ya runinga. Watoto wa waliokuwa na runinga walisoma. Wangu walikwenda kusimama mlangoni kwa jirani yetu, mama wa Kiislamu, ambaye hakuwaacha wasimame. Aliwatandikia mkeka. Mungu ambariki mama yule. Hakuwahi kuniuliza runinga yangu iko wapi, ingawa alijua vizuri sana.

Kwa hiyo Aprili iliyopita nilipowauliza watoto tutembee wapi, nilidhani watasema baharini au Haller Park. Kitinda mimba alitaka treni, basi, treni iende popote. Binti mkubwa alikaa kimya, kisha akasema, "Nataka kuona habari zinasomewa wapi." Akaondoka kuosha vyombo.

Nikaanza kupanga. Wapendwa, kupanga ni kazi! Bwana Yesu katika Luka 14 alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ataketi kwanza ahesabu gharama. Nimehubiri andiko hilo kwa harambee mara nyingi. Kwa familia yangu sikuwahi kulitumia. Nauli ya daraja la kawaida ni 1,500 kwa mtu mzima tangu Januari 2024, na mtoto chini ya miaka kumi na miwili analipa nusu. Wa pili ameshatimiza kumi na miwili, mtu mzima machoni pa reli ingawa bado anapoteza viatu. Kwenda na kurudi ni shilingi 13,500. Kulala ni kwa dada yake mama mchungaji, Kayole.

Tumechagua treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, ili tuione Tsavo mchana. Pale Tsavo mwaka 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli ya zamani. Mhandisi Patterson aliyewaua alikuja kusema waliokufa walikuwa 135. Wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, yaliyoko kwenye makumbusho ya Field kule Chicago, walikadiria karibu 35. Hollywood ilitengeneza filamu ya kisa hicho mwaka 1996, na mwanangu alishangaa aliposikia kwamba ilipigwa Afrika Kusini, si Tsavo. "Kwa hiyo ni uongo?" Nikamwambia hapana, simba walikuwepo, na watu walikufa. Ila anayesimulia huchagua pa kusimama. Mimi mwenyewe nilijisikia nimesema neno kubwa kuliko nilivyokusudia.

Nairobi, karibu na stesheni ya zamani, kuna Makumbusho ya Reli, ambako behewa ambalo ofisa Charles Ryall alitolewa na simba usiku, pale Kima mwaka 1900, bado lipo. Kijana ameshaliweka la kwanza kwenye orodha. Halafu Karen, nyumba ya Karen Blixen, yule mwanamke wa Denmaki aliyelima kahawa pale hadi 1931. Filamu ya maisha yake, Out of Africa, ilipigwa chini ya vilima vya Ngong na kutoka 1985, ikapata Oscar saba, na mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mama mchungaji anataka kuona jiko la zamani. Filamu yenyewe haimhusu.

Kijana alikuwa na wazo lake jingine. Anataka Kampala, mtaa wa Wakaliga, kwa Isaac Nabwana, yule Mganda anayetengeneza filamu za mapigano kwa vyuma chakavu na kompyuta alizounda mwenyewe. Ile ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana haikugharimu hata dola 200. Wageni hutoka Ulaya na Marekani kwenda kuitembelea studio ile, na mgeni anaweza kuingizwa kwenye filamu na kuuawa. Mama mchungaji akaweka kijiko chini. "Nimemlea miaka kumi na miwili ili akafe Kampala?" Hoja ikafa yenyewe.

Ndugu mmoja wa kanisa letu aliyeko California aliponisikia alituma picha za Universal. Nilisoma kwamba pale, tangu 1915, mwenye studio aliwaruhusu watu kuingia kwa senti 25 pamoja na chakula cha mchana, wakae kwenye ngazi na kutazama filamu zikipigwa, hadi sauti zilipoingia kwenye filamu na makelele ya wageni yakawa taabu. Mimi hilo lilinifurahisha. Watu wa kawaida, na chakula chao, wakitaka kuona tu kinavyofanyika.

Kwetu si rahisi hivyo. Niliandika barua tatu kwa vituo vya runinga, zenye muhuri wa kanisa. Kituo kimoja hakikujibu. Cha pili kilisema kinapokea vikundi vya shule vyenye barua ya mwalimu mkuu. Kisha nikakumbuka kijana aliyekuwa akiimba tena kwenye kwaya yetu, ambaye sasa anashika kamera kwenye kituo kingine huko Nairobi. Zamani nilimkanya asiende kusomea kazi hiyo. Nilikaa na simu mkononi karibu saa nzima kabla ya kumpigia. Hakuninyima. Alisema tu, "Pasta, nilidhani hutawahi kuuliza." Amepata ruhusa, Jumanne saa nne asubuhi. Lakini ya watu watatu. Sisi ni watano.

Kabla sijafika hapo, niseme la wazee. Wazee wangu, nawapenda, na najua mnasoma. Alhamisi mlikuja nyumbani kwa sababu amplifaya imeungua umeme uliporudi kwa nguvu, na mnajua kuna kopo lenye shilingi 38,400. Nilisema hapana. Sikusema vizuri, sauti ilipanda, na hilo naomba radhi. Lakini jibu halijabadilika. Someni Luka 2, wazazi wa Yesu. Walikuwa maskini, tunajua, kwa maana sadaka waliyotoa kwa mtoto ilikuwa ile ya ndege wawili, ya wasioweza mwana-kondoo. Hata hivyo kila mwaka walifunga safari ya siku kadhaa kwa miguu kutoka Nazareti hadi Yerusalemu. Na Yusufu, mwanamume yule, hana hata neno moja lililoandikwa kinywani mwake katika Biblia nzima. Ila safari alikwenda. Kisha mtoto wa miaka kumi na miwili akabaki nyuma, wakatembea siku nzima wakidhani yumo msafarani. Mimi nimetembea na mtoto wangu miaka minane nikidhani yumo msafarani.

Jumapili tulihubiri bila kipaza sauti. Koo langu bado linawasha. Mzee mmoja hajanisalimu vizuri hadi leo, na nitakwenda kwake kabla ya safari.

Basi, watu watatu. Kijana kwanza alitaka, kisha akachagua behewa la Ryall. Mama mchungaji na kitinda mimba watakwenda naye. Nafasi moja ni ya binti, na ya pili tumempa rafiki yake wa shule aliyeko Nairobi likizo. Ya tatu nilidhani atamtaka mama yake, na nilikuwa nimeshajiandaa kusubiri nje, nje hakunishindi. Jumamosi usiku nilimuuliza. Alikuwa akikunja nguo. Akakunja shati moja, akakunja la pili, akalilaza juu ya lile la kwanza.

"Wewe uje, Baba. Uone."

Nikamwambia kwamba siku ile ya mwiko nilikosea. Akasema anakumbuka habari zote alizozisoma, hata ya lori. Nikamwomba azisome tena. Akasema mwiko huo ulishavunjika, na akacheka, na mama yake huko jikoni akaacha kukoroga ili asikie.

Tunaondoka Jumatatu. Ibada ya kati ya wiki itaongozwa na mchungaji msaidizi, na tafadhali msimpigie simu usiku wa manane kama mnavyonipigia mimi. Mwenye begi kubwa lenye magurudumu mazima, naomba kuliazima kwa wiki moja. Letu zipu imekataa. Na kama yuko anayejua soko la amplifaya zilizotumika pale Mwembe Tayari, amwone mzee wa miradi. Sadaka ya hilo tutaanza na ya kwangu, nikirudi.