Mshono wa Watu

Ilikuwa baada ya Alasiri, hapa petu Bububu, alipokuja bibi mmoja na furushi kwapani. Ndani mlikuwa na uso wa mfarishi: vipande vya kanga kuukuu, vimeungwa kwa mkono, uzi mweusi ukenda huku na huku. Alitaka nitie sufi na bitana, kisha niupige cherehani. Sikumwuliza nani kaushona.

Nilipoutandaza mkekani haukulala. Vipande vingi vilikatwa hanamu, na kitambaa cha hanamu huvutika. Basi katikati umetuna kama chapati motoni, pembeni umebana. Cherehani haisamehi hayo. Meno huvuta nguo ya chini, mguu husukuma ya juu, na iliyozidi hujikusanya ikawa kunjo.

Wako wanaolilaza kunjo wakalishonea ndani. Mimi nikamkumbuka yule muuza nafaka aliyeacha kavu juu, na chini iliyoroa mvua, na Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono wake katika lundo lile. Nikasema, sifanyi ghushi. Nikafumua usiku kucha, nikanyoosha, nikaunga upya. Wallahi, nilijiona mwema.

Bibi alipokuja aliupapasa, akaugeuza, akaniuliza:

"Mwanangu, uko wapi mshono wa mama? Alishona na macho yamekwisha kumpotea."

Sikuwa na jibu. Nilikimbia ghushi, nikaingia katika amana ya mtu bila ya idhini. Na nyumba yake ni mwendo wa dakika tano tu. Ujira sikuupokea. Nyuzi zile nilikuwa nimekwisha kuzifagia.