Watu 63

Ukitaka kupiga picha ya watu 63, anza na wazee. Wazee wakishakaa, watu wazima hutulia. Watoto waache mwisho kabisa, maana ukimpanga wa miaka minne mapema utaenda kumtafuta jikoni.

Ilikuwa Desemba, Wundanyi, kwa Nyanya. Wengine walitoka Mombasa. Sisi wa Nairobi tulishuka treni Voi, tukapanda matatu kupitia Mwatate, kona juu ya kona hadi masikio yakaziba. "Fotografa ameletwa!" binamu yangu akapiga kelele. Sikuletwa. Nilijileta, na kamera ya kuazima, kwa sababu mwenye kamera haulizwi maswali. Yeye ndiye huamrisha: wewe mrefu, rudi nyuma. Shangazi, toa miwani.

Mwaka 2019 familia hii ilinifanyia harambee niende chuo. Baba mkubwa alisoma majina kutoka kwa daftari, hata aliyetoa mia mbili alisomwa. Shangazi mmoja aliuza mbuzi. Nilipofika mwaka wa tatu nikaacha. Sikufukuzwa, na nikisema ilikuwa pesa tu nitakuwa nadanganya. Usiku nilikuwa naandikia watu makala za bei ya kutupa, mchana nalala, na darasani nilishasahaulika. Nyumbani nikawa nasema "bado kidogo." Miaka ikapita kwa hiyo bado kidogo.

Jua la saa sita huweka giza chini ya macho ya kila mtu, kwa hivyo niliwahamishia kivulini, chini ya mparachichi. Nyanya katikati, wanawe kando yake. Wajomba wawili ambao hawaongei tangu mambo ya shamba niliwaweka mmoja huku, mwingine kule. Mimi nikapanda juu ya meza ili nyuso za nyuma zionekane.

Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili...

"Hii tutaitundika kando ya ile yako ya graduation!" baba mkubwa akasema kwa sauti. "Kwani ni lini?"

Watu wakacheka. Jicho langu lilikuwa kwenye kamera, na nadhani ndiyo maana niliweza.

"Haitakuwako, baba. Niliacha shule."

Na kidole kikabonyeza.

Hiyo picha ninayo hapa kwa laptop. Safu ya nyuma bado inacheka, hawakusikia. Ya kati, midomo wazi. Baba mkubwa ananitazama moja kwa moja, tabasamu halijamaliza kumtoka. Nyanya, ambaye masikio yamezeeka, ametulia vile vile nilivyomkalisha. Ni picha ya pekee siku hiyo ambayo hakuna mtu amefumba macho.

Tulipiga zingine 11, watu wamekauka kama wa kitambulisho. Kisha tukala. Hakuna aliyenigombeza, na ningependa wangenigombeza. Shangazi alinipakulia nyama, akakaa kando yangu kimya, halafu akasema, "Yule mbuzi alikuwa na mimba, wajua?"

Sikujua.

Wiki iliyopita baba mkubwa alinitumia elfu mbili kwa M-Pesa. Ujumbe ukafuata: "Ya kuprint." Hajanipigia simu tangu siku ile. Na hakusema niprint gani.