Simu ya Marehemu

Mtu akifariki hapa kwetu Unguja, mambo yake yanajulikana yanavyokwenda. Huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa, mara nyingi siku ile ile. Baadaye huja hesabu. Katika alichokiacha hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kilichobaki ni cha warithi, kila mmoja kwa fungu lake. Hesabu hiyo tumeisoma chuoni tangu wadogo na haina mabishano. Mabishano yako katika kujua marehemu kaacha nini.

Zamani jambo hili halikuwa gumu sana. Nyumba ilionekana, mikarafuu ilihesabika, na fedha taslimu zilikuwa ndani ya kasha. Kasha likifunguliwa mbele ya watu watatu wanne wazima, waliojifunika mashuka na wenye macho makali. Hivi leo fedha nyingine haimo ndani ya kasha. Imo ndani ya simu, na ufunguo wake ni tarakimu chache ambazo pengine anazijua mtu mmoja tu.

Miaka michache nyuma alifariki mzee mmoja tuliyesomesha pamoja. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru, kwa hiyo mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimnunulia umeme wa TUKUZA na kumtolea pesa kwa wakala, na namba ya siri akiijua. Kabla jeneza halijatoka mlangoni, salio lote la mzee lilikuwa limekwisha tolewa Darajani. Kijana yule hakuwa mwizi. Alisema sanda ilitakiwa, gari za kuchukulia watu zilitakiwa, na mchele wa hitima vile vile. Lakini hakuandika mahali popote, wala hakuuliza mtu. Siku ya tatu binti wa marehemu alipiga simu kutoka Maskati akaulizia fedha alizomtumia baba yake wiki ile ile, naye akataja na idadi yake. Tokea hapo nyumba ikagawika. Eda ya mama yao iliisha na ndugu wawili walikuwa bado hawajapeana salamu.

Nikajiuliza: fedha ile hasa ilikuwa ya nani, na ilikuwa wapi?

Huduma hii iliingia nchini mwaka 2008, Vodacom ilipoleta M-Pesa, ambayo Kenya ilikuwa imeanza mwaka mmoja nyuma. Zantel, kampuni iliyozaliwa hapa hapa Zanzibar, nayo ikawa na Z-Pesa, iliyokuja kuitwa Ezypesa. Kwa miaka kadhaa kampuni hizi zilifanya kazi kwa barua tu ya Benki Kuu ya Tanzania ya kuonyesha kuwa haina pingamizi. Sheria yenyewe, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, ilikuja mwaka 2015 pamoja na kanuni zake za fedha za kielektroniki. Kiini cha sheria hiyo kinafahamika hata na mtu asiyesoma sheria: kampuni ya simu si mwenye fedha. Kila shilingi inayoonekana katika simu ya mteja lazima iwe na shilingi mwenzake iliyowekwa benki katika akaunti ya amana, mbali na mali ya kampuni. Kampuni hairuhusiwi kuitumia kwa shughuli zake, wala wanaoidai hawawezi kuikamata.

Kwa sisi watu wa pwani neno amana si geni. Hata noti za rupia ambazo Serikali ya Zanzibar ilizitoa kuanzia mwaka 1908, mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipozipokea mwaka 1936, zilikuwa na ahadi ya kumlipa mwenye noti akiidai. Karatasi ilikuwa ushahidi tu wa kitu kilichowekwa kwingine, na salio la simu ni hivyo hivyo, isipokuwa halishikiki. (Fedha hizo zikikaa benki huzaa faida, na mwaka 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja wake. Nawajua watu wawili walioiona kuwa ni riba. Mmoja aliikataa, wa pili akaitia katika ujenzi wa choo cha watu wote. Sikuwaingilia.)

Basi sheria imeilinda fedha ya mzee mwenzangu na kampuni. Haikuilinda na watu wa nyumbani kwake, na sidhani kama ingeweza. Kisheria, mwenye simu akifariki, kampuni inapaswa kuarifiwa ili akaunti ifungwe, na fedha itolewe kwa msimamizi wa mirathi mwenye cheti cha kifo na barua zake. Kwa Waislamu wa hapa, mlango wa mambo hayo ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ni utaratibu wa haki. Lakini mtu wa Makunduchi aliyeachiwa shilingi elfu arubaini atapanda daladala mara ngapi kuifuata? Nauli itaila. Ndiyo maana watu wanaikimbilia namba ya siri.

Maoni yangu ni kwamba kwa salio dogo ingetosha barua ya sheha na mashahidi wawili, na taarifa ya miamala ya simu wapewe warithi wote kwa pamoja. Taarifa hiyo ndiyo iliyokuja kuwapatanisha watoto wa mzee wetu: ilionyesha kilichoingia kutoka Maskati, kilichotolewa, na saa yake. Ilionyesha pia mkopo mdogo wa simu ambao marehemu hakumwambia mtu, na deni kama mnavyojua hutangulia mbele ya mirathi.

Wengine wanasema mtu aandikishe jina la mrithi wa simu yake. Sikubali, kwa sababu mrithi haandikwi kwa kampuni, ameshaandikwa. Aandikwe mpokeaji wa amana, atakayeipokea na kuileta mbele ya wenzake.

Mimi karatasi yangu iko ndani ya msahafu wa mke wangu. Ina namba za laini mbili, jina la benki, na majina ya wanaonidai, ambao sasa ni fundi bomba tu.