Bunduki ya Lugalo

Katika sebule ya marehemu baba yangu, nje kidogo ya mji wa Iringa, ilitundikwa ukutani bunduki moja ndefu, nyeusi kwa moshi na mafuta ya miaka mingi. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Mgeni alipofika, baada ya kuamkiwa "kamwene" na kupewa kigoda, macho yake yaliinuka yenyewe mpaka pale juu, naye baba hakungoja kuulizwa. "Ile ni ya Lugalo," alisema, na mgeni akakaa vizuri zaidi.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa Uhehe, sina budi kueleza uzito wa neno hilo. Tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ulivamiwa hapo Lugalo na majeshi ya Mtwa Mkwawa. Wahehe walikuwa na mikuki na ngao kwa wingi, bunduki chache. Vita havikuchukua muda. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake, na bunduki yapata 300 zikaangukia mikononi mwa washindi. Wajerumani walihitaji miaka mitatu kabla ya kuithubutu ngome ya Kalenga, walipoivunja mwezi Oktoba 1894, na Mkwawa hawakumpata akiwa hai: alijipiga risasi mwenyewe tarehe 19 Julai 1898. Basi katika zile bunduki 300, moja, kwa maneno ya baba, ilitwaliwa na baba yake babu yangu kwa mkono wake.

Mimi nilikuwa mtoto wa kupenda mashairi. Mwaka 1984, nikiwa kidato cha tatu, nilitunga utenzi juu ya bunduki hiyo, nao ukasomwa shuleni mbele ya wazazi. Sehemu kubwa naionea haya leo, lakini ubeti mmoja nalazimika kuutoa hapa, kwani una kesi ya kujibu:

Lugalo walipokuja
Babu akawapa hoja
Mauza ya tisa moja
Akaitwaa vitani.

Baba alikuwapo siku hiyo, amevaa koti lake la kanisani. Aliomba nakala, akaikunja, akaitia mfukoni.

Baadaye niliajiriwa serikalini katika kazi za utamaduni, na kazi hiyo ikanipeleka vijijini kuorodhesha vitu vya kale: ngoma, vigoda, mikuki, majembe ya wahunzi, na bunduki. Silaha si kitu cha kukusanya kama stempu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuweka bunduki nyumbani bila kibali kwa sababu tu ni nzee na inapendeza. Lakini kuziona, kuzipima na kuziandika kabla hazijapotea ni wajibu, nami niliupenda wajibu huo kupita kiasi.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja, fundi wa silaha aliyestaafu jeshini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa bunduki ya vitani ina cheti cha kuzaliwa, nacho kimeandikwa mwilini mwake. Chukua ile Mauser ya mfano wa 1871, ambayo ndiyo askari wa Kijerumani waliyoibeba katika nchi yetu tangu mwanzo. Ilipiga risasi moja moja, kasiba yake milimita 11, na baruti yake ilikuwa nyeusi, yenye kutoa moshi mzito. Hata Vita vya 1914 vilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Lettow-Vorbeck yalikuwa bado nayo, na moshi ule ukawa unawatangazia adui mahali walipolala. Bunduki mpya zilipatikana kwa kuteka, kama ilivyotokea Tanga mwezi Novemba 1914, na kwa zile meli mbili zilizopenya doria ya Waingereza, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Ndiyo maana bunduki kuukuu za Mjerumani zilizagaa nchini, na ndiyo maana uongo juu yake nao umezagaa. Yeyote aliyewahi kufuatwa na kijana mwenye "rupia za Mjerumani" ndani ya kitambaa anaijua biashara hiyo. Mwenye rupia leo, kesho atakuletea bunduki.

"Anza na namba," mzee aliniambia. Kiwanda cha Kijerumani kiligonga namba juu ya mwili wa bunduki, kisha tarakimu zake za mwisho katika vipande vidogo, mpaka kwenye skrubu. Namba zikipishana, basi bunduki hiyo imekusanywa kutoka kwa maiti kadhaa. Tazama ndani ya kasiba: ya kweli ina mifuo minne inayopindapinda mpaka mdomoni, nayo ndiyo inayoizungusha risasi. Tazama kutu. Kutu iliyoletwa kwa ndimu na chumvi ni nyekundu, inafutika kwa kitambaa. Kutu ya umri ni ya rangi ya kahawia nzito, imekichimba chuma. Na mwisho, soma herufi, maana mwongo huandika kwa jicho, si kwa kujua. Akanipa mfano wa wahunzi wa Darra Adam Khel, karibu na mpaka wa Pakistan na Afghanistan, ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakinakili bunduki za Kiingereza kwa tupa na nyundo. Kazi yao ni ya ajabu, ila hugonga herufi N kinyumenyume, au huweka taji la Malkia Victoria na chini yake mwaka ambao malkia alikwisha kuwa kaburini, kwani alifariki Januari 1901. Askari wa Kiingereza waliopelekwa Afghanistan katika karne hii walinunua bunduki za namna hiyo sokoni wakidhani wamepata mali ya mababu zao. Mzee alicheka sana aliposimulia hayo. Nami nilicheka.

Katika miaka yote ile niliyomfuata huku na huku, sikumpeleka hata mara moja kuiona bunduki ya kwetu.

Baba alifariki mwaka 2009, bunduki ikabaki kwa baba mdogo. Kisha, Septemba moja ya miaka hii ya karibuni, likaja tangazo la msamaha. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi huo kwa ajili ya kusalimisha silaha zisizo halali, na aliyezisalimisha kwa hiari hashtakiwi. Baba mdogo aliniita. Alikuwa ameyapima mambo yake: bunduki haina kibali, yeye ni mzee, vijana wa siku hizi hawaaminiki. Lakini hakutaka ichomwe moto pamoja na magobore ya wawindaji haramu. Alitaka nimwandikie barua, kwa cheo changu, kuthibitisha kuwa ni urithi wa taifa kutoka Lugalo, ili baadaye iwekwe mahali watu waione.

Nilishika kalamu, mkono ukakataa. Je, ningeweza kumtilia saini baba yangu mambo ambayo nisingemtilia mtu mwingine bila kupima? Nikamwita mzee wangu wa miwani.

Aliiteremsha bunduki, akaipangusa, akaigeuza mara moja tu. Kitako kilikuwa cha mninga. "Mti huu haujaota Ulaya," alisema kwa upole. Akamulika tochi ndani ya kasiba: laini tupu, hakuna mfuo hata mmoja, na kutoka mwanzo hadi mwisho umepita mshono ulionyooka kama wa suruali. Lilikuwa bomba la maji. Bunduki ilikuwa ya kushindilia kwa mdomo, yaani gobore kama magobore mengine, lililohunziwa ili kufukuza nguruwe na nyani mashambani. Na kitako kilivyolainika mahali pa kushikia kilionyesha kuwa kazi hiyo lilifanya kweli, kwa miaka mingi.

Kisha akafika kwenye komeo, kile chuma cha kuvuta nyuma na kusukuma mbele. Hapo alinyamaza. Akavua miwani, akaivaa tena. Kulikuwa na taji dogo na tarakimu mbili, zimekatwa safi, kila moja kwa kina sawa na mwenzake. "Hili ni la kweli," alisema. "La mfano wa 71." Mhunzi alilipata mahali, akalitumia kama nyundo tu ya kupigia fataki. Alilipata wapi? Kwenye uwanja wa Lugalo, au kwa askari aliyetoroka mwaka 1917, au sokoni kwa kubadilishana na mbuzi? Chuma hakikusema.

"Na haya maandishi?" nikauliza, maana ubavuni mwa bunduki palikuwa na herufi. Nakumbuka nilipoziona mara ya kwanza, likizoni, nilipokuwa nikifanya kazi mbali na nyumbani. Baba aliniambia alikuwa ameisugua kwa mafuta ya taa, nazo zikajitokeza. Nilifurahi siku ile, kwa kuwa ziliuthibitisha utenzi wangu.

Mzee alizisoma kwa sauti, polepole: MAUZA 1891. Akanitazama juu ya miwani yake. Kiwandani, alisema, waliandika mfano, yaani 71, kwa herufi za Kijerumani za kale. Tisini na moja ni mwaka wa vita, si mwaka wa bunduki. Na hakuna Mjerumani aliyepata kuandika Mauser kwa z na a.

Wa kuandika hivyo nilimjua mimi.

Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoanza kusema, hakunitazama. Ilikuwa mwaka 1998, miaka 100 tangu kifo cha Mtwa, na watu walikuwa wakiuliza kila nyumba ina nini cha wakati ule. Baba aliogopa kwamba hawatamwamini. Alikuwa na ile nakala yake, imekwisha kuchanika kwenye mikunjo. Akaichukua pamoja na bunduki mpaka mjini, kwa fundi mmoja aliyekuwa akigonga namba kwenye injini za magari, akamwonyesha mstari. "Alisema mwanangu amesoma," baba mdogo alieleza, "hawezi kukosea."

Nilikaa kimya kwa muda ambao sikuupima. Mzee wangu, mtu wa adabu, alitoka nje kwenda kuangalia mahindi.

Barua niliiandika usiku ule, ukurasa mmoja. Nilisema kuwa komeo ni la Mauser ya mfano wa 1871, kazi ya kiwandani, na kwamba chanzo chake hakijulikani. Kuwa kasiba, mwili na kitako ni kazi ya mhunzi wa hapa. Kuwa herufi za ubavuni ziligongwa mwaka 1998 kwa kufuata shairi la aliyetia saini hapa chini. Baba mdogo aliisoma mara mbili. Nilidhani atakataa. Aliuliza tu kama lazima baba atajwe, nikamwambia sikumtaja, nimejitaja mimi.

Asubuhi tuliifunga bunduki katika mkeka, tukaenda kituoni. Askari kijana alitupokea kwa heshima, "shikamooni wazee", akafungua daftari. Aliigeuza bunduki kutafuta alama, akaiona, akaanza kuandika kwa herufi kubwa: M, A, U.

"Futa hiyo, mwanangu," baba mdogo akasema. "Andika gobore. Kasiba ya bomba, komeo la Mjerumani."