Siku Mbili Brugge, Mji wa Mifereji

Mwezi wa Oktoba mwaka jana nilipelekwa Ubelgiji kwa mafunzo ya wiki sita juu ya utunzaji wa majalada ya serikali. Mafunzo yenyewe hayana haja ya kusimuliwa, kwani jalada ni jalada popote lilipo. Ninalotaka kuwasimulia ni siku mbili nilizozitumia katika mji wa Brugge, nikiwa na kamera ya marehemu baba yangu na filamu mbili, kila moja ya picha 36.

Baba alikuwa askari polisi mjini Bujumbura, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupiga picha mahali palipotokea ajali au uhalifu. Sisi watoto wake tulizijua kanuni zake kama tulivyozijua sala: simama kwanza, tazama jua liko wapi, tazama kilicho nyuma ya kitu unachokipiga, ndipo ubonyeze. Kamera yake ni ya chuma, nzito, na kipimo chake cha mwanga kilikufa kabla mimi sijashika chaki ya ualimu. Wenzangu wa mafunzoni walipiga picha kwa simu, mamia kwa mamia. Lakini mama alipoifunga kamera ile katika kitambaa aliniambia, “Mwanangu, nenda nayo. Niletee picha za karatasi, nizishike mkononi.” Kisha akaniomba jambo la pili, ambalo nitalieleza mbele.

Mji wa Brugge uko kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Brussels. Mto mdogo uitwao Reie ndio unaolisha mifereji yake. Zamani mkono wa bahari ulioitwa Zwin ulikaribia mji, na wafanyabiashara wa Uingereza, Italia na nchi za kaskazini walileta huko sufu, viungo na ngozi, hata katika karne ya 14 Brugge ukawa miongoni mwa masoko makubwa ya Ulaya. Halafu mchanga na tope vikaujaza Zwin, biashara ikahamia Antwerp, na mji ukabaki maskini kwa karne kadhaa. Nadhani umaskini huo ndio uliouhifadhi, maana asiye na fedha habomoi nyumba ya babu yake ili ajenge ghorofa. Mwaka 1892 mwandishi Georges Rodenbach alitoa riwaya iitwayo Bruges-la-Morte, yaani Brugge Mfu, akaitia picha za kamera za mifereji na madaraja, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni kabisa katika riwaya. Watu wakazidi kuja kuutazama mji mfu, na kwa kuja kwao ukapata uhai. Mwaka 2000 UNESCO iliiingiza sehemu ya kale ya mji katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwetu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, wala hakuna anayeliuliza habari zake. Kule katikati ya Oktoba huchomoza kiasi cha saa mbili asubuhi. Kwa hiyo hata aliyelala Brussels anaweza kupanda treni ya mapema akafika Brugge kungali giza. Jumamosi ya kwanza nilifanya hivyo, nikaenda moja kwa moja mahali ambapo kila kitabu cha wasafiri hupataja: Rozenhoedkaai, yaani ukingo wa rozari. Zamani palikuwa bandari ya chumvi. Hapo mfereji unapinda, nyumba za matofali zimetia miguu majini, na nyuma yake umesimama mnara wa Belfort wenye urefu wa mita 83. Ukiutazama mnara kutoka hapo unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi linakuwa mgongoni mwako na kuta zote zinang’aa. Jioni mambo hugeuka: mbingu inabaki na mwanga na nyumba zinakuwa vivuli vyeusi.

Jambo kubwa zaidi ni mashua. Kwenye saa nne asubuhi mashua za watalii huanza kupita, na tangu hapo maji hayatulii tena hadi jioni. Kabla ya saa hiyo mfereji ni kioo. Mnara unauona mara mbili, mmoja juu na mwingine chini, na huwezi kusema upi ni wa kweli ila kwa kuangalia bata. Nilipiga picha kumi pale pale, nikasahau kanuni zote za baba.

Siku ile nilitembea sana. Nilipita Groenerei, mfereji wa kijani, nikasimama juu ya daraja la Meebrug na la Peerdenbrug. Nilifika kwenye daraja dogo la Bonifacius, chini ya mnara wa kanisa la Bikira Maria, ambamo imo sanamu ya Mama na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo. Kila mtu hudhani daraja hilo ni la kale sana kwa jinsi lilivyojikunja na kuota kuvu, kumbe lilijengwa karibu na mwaka 1910. Liko jembamba mno, na kufikia saa tano watu wamelijaza hata usiweze kuinua kiwiko. Anayelitaka tupu na awahi.

Kutoka hapo nilikwenda Begijnhof, ua wa nyumba nyeupe ulioanzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake walioishi maisha ya ibada bila kuwa watawa. Tangu mwaka 1927 wanakaa humo masista wa Kibenediktini. Mlangoni wageni wanaombwa wanyamaze, na kwa kweli wananyamaza, jambo lililonishangaza zaidi ya majengo. Miti mirefu imejaza ua, na majani ya Oktoba yalikuwa yamegeuka rangi ya ndizi mbivu. Nje yake kuna ziwa la Minnewater na mabata maji meupe wenye shingo ndefu. Hadithi ya mji inasema kwamba mwaka 1488 wananchi walioasi walimkata kichwa Pieter Lanchals, mtumishi wa mtawala wao Maximilian. Jina Lanchals maana yake shingo ndefu, na eti kwa adhabu mji ukaamriwa kuwatunza ndege wenye shingo ndefu milele. Hadithi tu, lakini ndege wako, nao ni wakali kwa mwenye mkate.

Jioni nilirudi Rozenhoedkaai. Taa zilipowashwa na mbingu ikiwa bado na rangi ya wino, niliegemeza kamera juu ya ukuta wa daraja, nikaiwekea kitambaa cha mama chini yake isitikisike, nikaacha mwanga uingie kwa sekunde mbili. Nikasogeza filamu. Kihesabio kikasema 37. Nikapiga nyingine, 38. Halafu 39. Hapo moyo ukaniruka.

Anayejua kamera za zamani amekwisha fahamu. Ncha ya filamu haikushika kwenye gurudumu. Nilikuwa nimezunguka mji mzima tangu alfajiri hadi usiku nikipiga picha za hewa. Nilikaa kwenye benchi la stesheni nikafungua kifuniko, nayo filamu ilikuwa imelala katika kikopo chake kama mtoto aliyekataa kwenda shule. Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi: ukishaifunga kamera, kaza kile kitasa cha kurudishia filamu, kisha sogeza picha moja na ukitazame. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, fungua tena. Askari anayepiga picha ya ajali hana nafasi ya kurudi kesho kuiomba ajali itokee upya. Mimi angalau nilikuwa na Jumapili.

Tena nikaona hasara ile ina faida yake. Filamu ya Jumamosi ilikuwa bado safi, lakini niliogopa kuitumia, maana ncha yake ilikuwa imekunjamana na kupasuka. Kwa hiyo nilikuwa na picha 36 tu, na sasa niliujua mji. Katika treni ya usiku niliandika kwenye daftari wapi nirudi na saa ngapi, na picha ngapi kila mahali. Rozenhoedkaai nilipapa nne badala ya kumi. Daraja la Bonifacius, moja. Mabata maji, hakuna hata moja.

Jumapili kulikuwa na ukungu. Nilipofika Spiegelrei, karibu na sanamu ya mchoraji Jan van Eyck, aliyefariki katika mji huo mwaka 1441, ng’ambo ya pili ya mfereji haikuonekana vizuri, na nyumba zilikuwa kama zimechorwa kwa penseli kisha zikafutwa nusu. Kwa mwanga, nilitumia hesabu ya baba. Jua likiwaka wazi, lenzi iwe kwenye namba 16, na kasi ikaribiane na namba ya filamu yenyewe: filamu ya 400, kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde. Mawingu yakifunika, shuka hadi 8. Ukungu ukiwa mzito, 5.6. Na ukumbuke kwamba taswira iliyo majini daima ni nyeusi kidogo kuliko kitu chenyewe. Ukiyahurumia maji, mbingu itapotea.

Picha ninayoipenda kuliko zote niliipata Groenerei, wala haina mnara. Mwanamke mzee alikuwa akifagia majani kwenye ngazi zinazoshuka hadi majini mbele ya nyumba yake. Alifagia ngazi moja, akapumzika, akafagia ya pili. Nilimwonyesha kamera kwa mbali, akainua ufagio kama askari anavyoinua bunduki kutoa heshima, kisha akaendelea na kazi. Nilibonyeza alipoinama tena. Walinzi wa urithi wa dunia, nafikiri, ni watu kama yule.

Baada ya kupita kwenye vinu vinne vya upepo vilivyo juu ya boma la Kruisvest, ambako nafasi ni kubwa na watu ni wachache, nilibakiwa na picha tatu. Hapo nikaenda stesheni kutimiza ombi la pili la mama.

Mama ni mtu wa Buyenzi, na babu yake alizaliwa Kasongo, huko Manyema. Tangu utoto alisikia kwamba Wabelgiji wana sanamu ya watu wao waliouawa Kasongo, na kwamba iko pwani. Iko Blankenberge, robo saa hivi kwa treni kutoka Brugge, kwenye barabara ya ukingo wa bahari. Iliwekwa mwaka 1900. Ni ya Luteni Joseph Lippens na Sajini Henri De Bruyne, mzaliwa wa Blankenberge, waliouawa Kasongo mwaka 1892, mwaka ule ule wa riwaya ya Rodenbach, katika vita kati ya Dola ya Kongo ya mfalme Leopold na mabwana wa biashara wa Kiarabu na Kiswahili, ambao kiongozi wao pale alikuwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Inasimuliwa kwamba De Bruyne aliletwa hadi mto Lomami kuzungumza na wenzake waliokuwa ng’ambo, akapata nafasi ya kutoroka, akakataa kwa sababu Lippens alibaki mgonjwa Kasongo. Akarudi akafa naye. Mwezi wa Aprili mwaka 1893 majeshi ya Dola, yakiongozwa na Dhanis, yakauteka Kasongo.

Nilisimama mbele ya sanamu ile kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama Rozenhoedkaai. Sikuweza kumdharau mtu aliyerudi kwa ajili ya mwenzake. Wala sikuweza kusahau walikwenda Kasongo kwa kazi gani, wala biashara ya watumwa iliyofanywa na wale waliowaua. Upepo wa bahari ulikuwa mkali, na watoto walikuwa wakila aiskrimu chini ya mguu wa sanamu ingawa kulikuwa na baridi. Nilingoja waondoke. Hawakuondoka. Mwishowe nikapiga nao humo humo, picha tatu, filamu ikaisha.

Niliisafishisha Brussels kabla ya kurudi. Zilitoka picha 33. Mama alizipokea sebuleni, akavaa miwani, akazishika moja moja kwa ncha za vidole. Ya mnara na kivuli chake aliigeuza juu chini akacheka. Ya Blankenberge aliitazama kimya, akauliza ni yupi aliyerudi, nikamwonyesha. Akaiweka katika kasha la bati, pamoja na picha ya babu yake. Ukutani alitundika ile ya mwanamke anayefagia.