Nyumba yangu sasa ina magurudumu manne

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma saba, na wasomaji kadhaa wameniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kazi ya programu. La hasha. Nimehama tu. Na kwa kuwa nilikohamia hakuna namba ya mlango wala mwenye nyumba, acha nieleze kwa kirefu, maana kujibu swali hilo hilo kwa simu kumenichosha.

Nimenunua gari kuukuu la kubebea watalii, Toyota HiAce, na humo ndimo ninamoishi. Si la kutembelea wikendi. Ni siku zote saba. Nyumba ya Nairobi nimemrudishia mwenyewe, vyombo nimevigawa, kochi nimemwuzia jirani.

Sababu ni mama. Anaishi Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita, na tangu mwaka jana figo zake hazifanyi kazi. Kila Jumanne na Ijumaa huteremka hadi Voi kusafishwa damu. Muda wa saa 4 kwenye mashine, mbali na kungoja zamu. Dada yangu ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa matatu, huku duka lake likifungwa siku hizo mbili. Mimi nilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 300, nikituma pesa na kuuliza hali. Mwajiri wangu hunihitaji ofisini siku mbili au tatu kwa mwezi. Siku nyingine hajali niko wapi, mradi msimbo ufike na mikutano niihudhurie. Kwa hiyo nilikuwa nikilipa shilingi 32,000 kila mwezi, yaani 384,000 kwa mwaka, ili niwe mbali na mahali ninapohitajika.

Mtu ataniuliza: si ungenunua gari dogo tu? Mama akitoka kwenye mashine huwa hana nguvu. Shinikizo la damu hushuka, kichwa kinazunguka, na anahitaji kulala kabla ya kuanza safari ya mlimani. Kwenye matatu kuna kiti cha wima na kondakta mwenye haraka. Mimi nami nahitaji meza, umeme na mtandao wakati namngoja. Kitanda, meza, umeme, mtandao: hiyo tayari ni nyumba. Sikuona sababu ya kulipia mbili.

Najua mnachofikiria: Kombi ya Volkswagen. Ukitaja gari la kuishi, picha inayomjia kila mtu ni ile ya uso wa duara na rangi mbili. Inastahili sifa zake. Ilianza kutoka kiwandani mwaka 1950, na kufikia 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilikuwa inaiwekea samani za kulalia na kupikia. Brazil waliendelea kuiunda hadi 2013. Lakini mimi sikuwa nanunua picha. Gari likizima Mwatate siku ya Jumanne nataka fundi wa hapo hapo aseme "hilo nalijua", si aniambie tuagize kifaa tungoje. Kuagiza kempa kutoka Japani nako nilikufikiria, kwa dakika kumi hivi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na kempa ya umri chini ya huo bei yake ni ya kiwanja.

Kumbe jibu lilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote. Magari yetu ya watalii yana paa linaloinuka! Liliwekwa ili mgeni asimame ampige picha simba. Mimi niliona jambo jingine: mtu mzima anaweza kusimama wima humo ndani akavaa suruali. Wanaobadilisha vani Ulaya hulipa pesa nyingi kupata paa kama hilo. Huku kwetu linauzwa pamoja na gari likistaafu, na hakuna anayelitaka kwa sababu wanunuzi wengi wanafikiria matatu.

Niliangalia magari manne. Fundi wangu, mzee mmoja wa Kariobangi asiyependa maneno mengi, alikuja na vitu viwili tu: sumaku ya mlango wa friji na bisibisi. Sumaku hushika chuma, haishiki puti. Gari la kwanza lilikuwa limefanya kazi Diani, na chumvi ya bahari ilikuwa imeshakula sakafu chini ya mlango wa pembeni, bisibisi ilizama. La pili liling'aa kama sahani ya harusi, lakini sumaku iliteleza kuanzia mlangoni hadi gurudumu la nyuma. La tatu mwenyewe hakuweza kutoa nakala ya rekodi, ile inayoonyesha gari ni la nani na kama limewekwa rehani. Tukaagana kwa heshima.

La nne lilikuwa la dereva aliyestaafu, limepakwa milia ya pundamilia, springi za nyuma zimechoka kwa barabara za Mara, lakini chuma ni chuma. Shilingi 650,000. Uhamisho tuliufanya kwenye eCitizen tukiwa tumekaa meza moja, yeye akianzisha kwenye akaunti yake na mimi nikikubali kwenye yangu, ndipo nikamlipa salio. Mzee aliligonga bodi mara mbili kwa kiganja akasema, "Litunze, halijawahi kuniacha njiani." Akaondoka bila kugeuka.

Injini ni ile ya dizeli inayoitwa 5L, ujazo wa cc 2,986, pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika. Haina kompyuta. Wenzangu ofisini walicheka sana: mwandishi wa programu amenunua gari lisilo na mstari hata mmoja wa msimbo. Ndiyo sababu hasa! Mimi najua programu zinavyoandikwa. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Kupanda kutoka Mwatate tunakwenda kwa gia ya pili, bodaboda zikitupita, na kwa kuwa injini iko chini ya viti vya mbele unaota moto bila kulipia kuni.

Sasa tuje kwenye umeme, ambao najua ndio wengi wenu mlikuwa mkiungoja. Hesabu yake ni kama ya kumbukumbu ya tarakilishi: unaanza na matumizi, si na unachotamani kununua. Kipakatalishi changu hula wastani wa wati 40. Kwa saa 9 ni wati-saa 360. Sahani ndogo ya Starlink, huduma iliyoingia Kenya mwaka 2023, hula kama wati 30. Kwa saa hizo hizo ni 270. Friji ndogo ya volti 12, kwa joto la Voi, nimeiwekea 450 kwa siku. Taa, feni na simu 120. Jumla 1,200.

Betri ni ya lithiamu, volti 12.8 na ampea-saa 200, yaani wati-saa 2,560. Hiyo ni siku mbili bila jua. Betri ya asidi ya ukubwa huo ingetaka utumie nusu tu ikiwa unataka idumu. Juu ya paa kuna paneli mbili za wati 200 kila moja. Zidisha 400 kwa saa 5 za jua kali, kisha punguza robo kwa ajili ya vumbi, joto na waya, unabaki na 1,500. Zinatosha, na ziada ipo. Inveta sina. Kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 240, kisha chaja ya kipakatalishi iushushe tena, ni kupoteza nguvu kwa tafsiri mbili zisizo na maana. Chaja ya USB-C inayochukua moja kwa moja kutoka kwa betri inafanya kazi yote. Kila waya una fyuzi yake karibu na betri. Hapo usibane pesa, tafadhali.

Jambo moja la kutufurahisha watu wa ikweta: paneli zinalala tu juu ya paa. Voi iko nyuzi kama 3 na nusu kusini, kwa hiyo jua la adhuhuri haliwi chini ya nyuzi 63 mwaka mzima. Berlin mwezi wa Desemba jua hilo hufika nyuzi 14 basi. Wenzetu wa huko wanahangaika kuziinamisha, na bado hawapati kitu.

Shida yetu ni nyingine. Jua linalojaza betri ndilo linalogeuza gari kuwa tanuri, na mgonjwa aliyetoka kwenye mashine hawezi kulazwa kwenye tanuri. Kivuli kwa mama au jua kwa paneli? Nilinunua paneli ya tatu, ya kukunja, yenye waya wa mita 10. Gari linakaa chini ya mwarobaini, paneli inakaa juani. Siku ya kwanza mlinzi wa hospitali alinijia mbio. "Kijana, hapa si kempsaiti." Nikamwambia, "Namngoja mama, mzee." Akaitazama paneli, akatazama kitanda ndani, akanionyesha mti wenye kivuli kizuri zaidi. Siku hizi simu yake huchajiwa kwangu.

Friji si ya soda. Mama hudungwa sindano za kuongeza damu, na dawa hiyo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda imeharibika, ikipata joto imeharibika, na bei yake si ya kuchezea. Basi nimeweka kihisi cha DS18B20 na kibao cha ESP32 kinachosoma joto kila dakika 5. Likitoka nje ya mipaka, ujumbe unakuja kwenye simu yangu kupitia laini yake yenyewe, hata sahani ikiwa imezimwa. Kwa watakaojaribu: kihisi hiki kikiwashwa upya kabla hakijapima hujibu 85, kwa hiyo ipuuzeni namba hiyo mara ya kwanza. Lakini kikinyamaza kabisa, hilo lihesabiwe kuwa hatari. Programu inayosema tu pale mambo yanapoharibika haitofautiani na programu iliyokufa.

Choo ni cha kubeba, na sitaongeza neno. Usiku nalala uani kwa mama. Nikienda Nairobi naegesha Mtito Andei kati ya malori. Madereva wale wameishi hivi miaka na miaka na hakuna aliyewaandikia makala. Kuhusu anwani, nimesoma vilio vya Wazungu wanaoishi kwenye vani. Sisi tuna sanduku la posta. Halijawahi kujua nalala wapi.

Kilicho kigumu ni watu. Mwanamume wa miaka 34 kijijini huulizwa kama amejenga, si kama amechomelea. Mama mwenyewe alilizunguka gari mara moja akasema, "Mwanangu, kodi imekushinda?" Sikubishana. Ijumaa ya kwanza alitoka kwenye mashine akiwa ameshikwa mkono na muuguzi, akalala kwenye godoro nililolipima kwa urefu wake, akasinzia saa moja na nusu. Mimi nilikuwa mkutanoni, vifaa vya masikio kichwani, nikinong'ona. Alipoamka akauliza, "Hao wenzako wamemaliza kelele?" Duka la dada sasa liko wazi siku sita.

Kilichobaki ni raba ya paa. Miaka ya kufunguliwa kwa ajili ya simba imeichosha, na mvua za vuli milimani kwetu si za mzaha. Fundi ametafuta raba nene Barabara ya Kirinyaga na tunaifunga Jumamosi. Baada ya hapo ni rangi, ambayo italazimu ukaguzi na kuandikwa upya kwenye logbuku, kwa maana pundamilia ni lazima aondoke. Mama anataka buluu. Mimi nilitaka nyeupe kwa sababu ya joto. Tumekubaliana buluu chini, nyeupe juu.